Gari la Bei Ndogo na Safari ya Mbali

Ndugu Mhariri ameniomba kurasa chache za historia kwa sababu ya hoja iliyoletwa na vijana wa karakana katika mkutano wetu uliopita. Waliokosa mkutano huo na wajue kwamba hoja yenyewe ni hii: chama kichange fedha, linunuliwe gari la mtumba la bei ndogo, wanafunzi walitengeneze kwa mikono yao chini ya uangalizi wa wakubwa, kisha wanachama wawili waliingize katika mashindano ya mwendo mrefu ya madereva wa ridhaa. Waliokaa viti vya nyuma walipiga makofi. Wa viti vya mbele, ambako hukaa wachangaji, waliguna. Mzee wetu mmoja aliuliza kama ni halali fedha za vitabu kuzamishwa katika matope. Hoja ikaahirishwa, nayo itapigiwa kura mkutano ujao.

Mimi si mwanahistoria. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1971, nikaenda kujifunza ufundi wa magari, na tangu hapo sehemu kubwa ya maisha yangu nimeipitisha chini ya magari ya watu, kati ya Lindi, Nachingwea na Kilwa. Lakini jambo hili nimelifuatilia tangu utotoni, na naona wanaobishana, wa nyuma na wa mbele, wote wanadhani mashindano ya magari ni kazi ya matajiri. Hapa kwetu Afrika Mashariki hayakuanza hivyo.

Yalianza kwa mtu kuchoshwa. Huko Kenya, miaka ya mwanzo ya 1950, palikuwa na uwanja wa kuzunguka magari ulioitwa Langa Langa. Bwana Eric Cecil alimshawishi binamu yake, Neil Vincent, akashindane huko. Vincent alikataa, akisema haoni raha ya kuzunguka mahali pamoja kama ng'ombe wa kinu. Lakini kama angepatikana mtu wa kuandaa mbio za kutoka mlangoni, kukata nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi, hapo angekuwamo. Cecil na wenziwe walilichukua neno hilo kwa uzito. Mwaka 1953, siku za kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, magari yakaondoka kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mashindano yakaitwa Coronation Safari, na tangu 1960 yakajulikana kama East African Safari.

Sasa naomba vijana wasome hapa polepole. Mwaka ule wa kwanza magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini kama ilivyo desturi ya mashindano mengi. Yaligawanywa kwa bei ya dukani. Gari la bei ndogo lilishindana na la bei ndogo, na la bei kubwa na mwenzake. Tena yalitakiwa yawe kama yalivyotoka dukani, bila kubadilishwa. Walioandaa walitaka kujua jambo ambalo kila mnunuzi wa gari katika nchi zetu alitaka kulijua: kati ya magari haya yanayouzwa Nairobi na Dar es Salaam, lipi litafika?

Lililoandikwa mbele ya yote ni Volkswagen, lile dogo la mgongo wa kobe, likiendeshwa na Alan Dix na mwenzake Larsen. Mwaka uliofuata, 1954, lilishinda tena Volkswagen, mikononi mwa Vic Preston na D. P. Marwaha. Likashinda mwaka 1957, na likashinda mwaka 1962. Mwaka 1956 Eric Cecil mwenyewe, yule aliyeanzisha mambo, alishinda kwa DKW, gari la silinda tatu ambalo injini yake huchanganyiwa oili na petroli kama pikipiki. Sitaki kudanganya kwamba matajiri hawakupata chao, kwa kuwa Mercedes ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1959, 1960 na 1961. Lakini hesabu yote ya miaka ile haiwaelekei wenye fedha.

Kwa nini Volkswagen? Injini yake mwaka 1953 ilikuwa na sentimeta za ujazo 1131 na nguvu za farasi 25 tu. Siku hizi kuna pikipiki zinazoishinda. Lakini itazameni kwa jicho la fundi. Haina rejeta, wala mipira ya maji, wala pampu ya maji, kwa hiyo hivyo vyote haviwezi kuharibika. Injini iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo penye utelezi uzito uko pale pale unapohitajika. Chini yake ni bapa, inateleza juu ya matope badala ya kulima. Gari lile halikushinda kwa nguvu ilizokuwa nazo, lilishinda kwa vitu ambavyo halikuwa navyo.

Baada ya Volkswagen ikaja Peugeot 404, na hapa natoka katika historia ya wengine naingia katika yetu, maana gari hili wazee wa Lindi wanalijua kama wanavyoijua korosho. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7 tu, mvua ikiwa imefanya kazi yake. Mshindi alikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua ikarudia, yakarudi 7 tena, na mshindi akawa Nowicki na Cliff katika 404 tena. Katikati yake, mwaka 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, nao pia kwa 404. Sisi wanafunzi tulikusanyika redioni siku za Pasaka, na Shankland tulimhesabu wetu, kwa kuwa gari lilitoka Tanzania.

Safari yenyewe haikushuka kwetu. Ilipita Usambara, Mbulu, Morogoro, Dar es Salaam, lakini Kilwa na Lindi hapana, na sababu ilikuwa wazi kwa kila mtoto wa Kusini. Kati yetu na Dar es Salaam upo mto Rufiji, na daraja lake, lile la Mkapa lenye mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo palikuwa na pantoni pale Ndundu, na Pasaka ni masika. Bonde likijaa, pantoni husimama, na barabara ya Kibiti hadi Lindi hufungwa. Abiria alingoja meli, au alizunguka Masasi, Tunduru na Songea, njia ambayo nayo masika haikuwa na huruma. Waandaaji wa Safari walitafuta barabara mbaya, lakini walihitaji barabara.

Kwa hiyo sisi tulikuwa na mashindano yetu yasiyo na kikombe. Nilipokuwa kidato cha pili nilifanya kazi ya utingo wakati wa likizo katika Bedford ya mjomba wangu, tukibeba korosho na kurudi na sukari, saruji na vitambaa. Lindi, Mchinga, Mbwemkuru, Nangurukuru, Matandu, Somanga, Muhoro, Ndundu. Kwa msomaji wa leo anayelala ndani ya basi, hayo ni majina tu. Kwa utingo kila jina lilikuwa na tabia yake. Hapa mchanga mwepesi unaonyonya gurudumu, pale udongo mweusi ambao ukikauka ni mwamba na ukilowa ni sabuni, mbele kidogo mawimbi madogo kama bati la paa, yanayolegeza kila nati iliyokazwa na binadamu. Na asidhani mtu kwamba habari hizo zimekwisha kabisa. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, madaraja ya huko Somanga yalikatika na magari yakalala barabarani kama zamani.

Mjomba huyo ndiye aliyenifundisha kuchagua gari kuukuu. Mwaka 1969 alitaka kununua Peugeot 404 ya pikapu iliyokwisha tumika, nami nikafuatana naye. Muuzaji alifungua boneti kwa fahari. Mjomba hakuitazama injini hata kidogo. Alilala chini mavumbini akiwa na tochi na nyundo ndogo, akaanza kugonga, akisikiliza. Bati zima hulia, bati lililoliwa na kutu husema pu! kama papai bovu. Akagonga pale springi zinaposhikamana na bodi, akagonga sakafu, akagonga kingo za milango kwa chini. Nilipomuuliza kwa nini ameiacha injini, alinipeleka kwa mfano wa kwao Kilwa Kivinje: anunuaye jahazi kuukuu hatazami tanga. Hutazama mkuku na mataruma. Tanga huchanika na kushonwa, bali mkuku ukioza umenunua kuni.

Injini ya 404 ilimpa haki. Silinda zake zimepigwa mikebe ya chuma inayochomolewa. Pistoni na mikebe ikila, fundi huichomoa yote na kuweka mipya, pale pale chini ya mwembe, bila kuipeleka injini kwenye mashine ya kuchonga. Gari ambalo injini yake inazaliwa upya chini ya mwembe, kwa sisi tulio mbali na miji mikubwa, lina thamani kuliko lenye injini ya nguvu isiyogusika.

Mfano mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa mwaka 1965. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alikuwa fundi kwanza na dereva baadaye. Aliwahi hata kuajiriwa na chama cha wenye magari kuzungukia barabara na kuwasaidia waliokwama. Kazi hiyo, ndugu zangu, ni chuo kikuu: kila siku unaonyeshwa kilichovunjika na mahali kilipovunjikia. Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ilileta timu yake kutoka Sweden, na mambo hayakuwaendea vizuri. Moja ya magari ya timu ile, Volvo PV544 lililoendeshwa na Tom Trana, lilikuja kuangukia mikononi mwa Joginder na mdogo wake Jaswant. Lilikuwa gari lililokwisha kuteswa, tena la mtindo wa kizamani, maana umbo lake lilibuniwa miaka ya vita na mwaka huo huo wa 1965 kiwanda kiliacha kulitengeneza. Wale ndugu wawili walilifungua, wakalijua, wakalifunga upya. Wakashinda Safari ya 1965 wakiwa mbele ya wa pili kwa dakika 100. Saa moja na dakika arobaini! Mtu anaweza kuoga, kula pilau na kulala kidogo kabla mwenzake hajaonekana.

Timu za viwanda zilikuja na fedha na mafundi wengi mwaka hadi mwaka, lakini kutoka 1953 mpaka 1971 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda. Wote walikuwa wakazi wa Afrika Mashariki. Wa karibu kabisa mwaka 1964 alikuwa Erik Carlsson wa Sweden, wa pili kwa Saab ndogo. Husimuliwa kwamba alipokwama katika matope, yeye na mwenzake walilipindua gari lao ubavu kwa ubavu mpaka likatoka, wakaingia wakaendelea. Jaribuni hivyo kwa Mercedes. Kizuizi kilivunjwa mwaka 1972, magari yalipoanzia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland akashinda kwa Ford Escort. Baada ya hapo fedha zilishika usukani. Joginder alishinda tena kwa Mitsubishi Lancer, 1974 na 1976, Shekhar Mehta akashinda mara tano kwa Datsun, lakini gari la mtu wa kawaida na gari la Safari vikaanza kutengana kama mashua mbili zilizokatika kamba. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 na Jumuiya kuvunjika, sisi tulibaki na redio tu. Huku kwetu ilikuwa miaka ya shida ya mafuta, magari ya binafsi yakikatazwa kutembea Jumapili mchana, na hakuna aliyewaza mbio.

Wazo la bei ndogo, hata hivyo, halikufa duniani. Huko Marekani, tangu 2006, yapo mashindano yaitwayo 24 Hours of Lemons, ambamo watu wa ridhaa huendesha kwa zamu saa nyingi mfululizo, na sharti kuu ni kwamba gari lisizidi dola 500. Waliosoma historia ya 1953 watatabasamu. Lakini liko jambo katika sharti lile ambalo wasomaji wa haraka hulipita: vifaa vya usalama havihesabiwi katika dola hizo 500. Kizimba cha mabomba ndani ya gari, mikanda, kiti, kofia ngumu, kizima moto na breki, hivyo nunua vizuri kadiri uwezavyo. Nitalirudia hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Kwanza, gari gani? Vijana wananitajia Subaru yenye turbo. Ni gari zuri, na linaunguruma vizuri mbele ya wasichana. Lakini nendeni dukani Lindi mjini mkaulize pampu ya maji ya Subaru hiyo, kisha mkaulize ya Toyota Corolla. Ya Corolla mtaipata kabla hamjamaliza kuuliza, na isipokuwapo, Gerezani huko Dar es Salaam wataipakia katika basi la usiku. Hiyo ndiyo 404 ya siku hizi. Ya magia ya mkono, ya petroli, yenye magurudumu ya kawaida ambayo kila kijiji kina tairi lake. Isiwe na vitu vingi vya umeme. Ile fomula ya Volkswagen bado inafaa: hesabuni vile ambavyo gari halina.

Tena msinunue gari lililokaa pwani. Upepo wa kusi unabeba chumvi, na bodi ya gari lililolala Lindi miaka kumi huwa kama biskuti iliyolowa chai. Tafuteni Iringa, Njombe au Dodoma, ambako kutu ni mvivu. Hata magari yanayoletwa moja kwa moja kutoka Japani yachunguzwe kwa chini, kwani huko kaskazini kwenye theluji hutiwa chumvi barabarani. Mwendeni na nyundo ya mjomba. Injini mtaisikiliza baadaye: moshi wa buluu, ringi zimechoka; moshi mweupe usiokwisha, maji yanaingia; oili ikiwa kama chai ya maziwa, gasketi imekwenda. Hayo yote yanatengenezeka, na yatawapunguzia bei.

Fedha mgawanye hivi: fungu moja la kununua, mafungu mawili ya kutayarisha. Injini msiiguse ila kwa kuirudishia afya. Kila nguvu ya farasi mtakayoiongeza itamvunja punda mwingine nyuma yake, klachi, giaboksi au difu. Kazi yenu iko chini na ndani. Ng'oeni viti, mazulia na lami ya sakafuni mpaka mwone bati tupu, mtafute nyufa, mchomelee upya maungio yote, hasa pale shokapu na springi zinaposhika bodi, maana barabara ya mawimbi huanzia hapo kupasua. Shokapu ziwe bora kuliko kitu chochote katika gari. Katika mawimbi yale mafuta yaliyomo ndani huchemka, na shokapu iliyochemka ni bomba tupu. Mabomba ya breki na ya petroli yatolewe chini ya gari yapitishwe ndani, jiwe lisiyafikie. Chini ya injini pawekwe bamba nene la chuma la kukinga sampu.

Kila nati ikishakazwa ipigwe mstari wa rangi, nusu juu ya nati na nusu juu ya chuma kilichoshikwa. Mistari ikiachana, nati imelegea, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuiona kwa tochi bila spana. Jambo hili dogo limeniokolea magari mengi kuliko mashine yoyote.

Maji na vumbi ni ndugu wa tumbo moja, vyote hutafuta tundu. Mdomo wa kuvuta hewa uinuliwe juu. Difu na giaboksi vina vitundu vya kupumulia, navyo viungwe mipira mirefu ifike juu, vinginevyo vikiingia mtoni vikiwa vya moto vitakunywa maji. Waya za plagi zipakwe grisi na kufunikwa. Kabla ya kuvuka maji mengi mafundi wa zamani walivua mkanda wa feni, ili feni isirushie injini maji, na tulifanya hivyo Matandu mara nyingi. Tairi ziwe nyembamba. Kijana atataka pana kwa sababu ya sura, lakini tairi pana huelea juu ya matope likateleza, na jembamba hukata mpaka likakuta ardhi ngumu.

Tazameni pia picha za magari ya Safari ya zamani kwa nyuma. Mtaona vishikio viwili juu ya buti na bampa pana kama ngazi. Vijana hudhani ni mapambo. Gari likianza kukwama, mwenza wa dereva huruka nje, hupanda nyuma ya gari linalotembea, hushika vile vishikio na kurukaruka kwa uzito wake mpaka magurudumu yashike. Ni kazi ya utingo hasa! Hilo sikufundishwa na kitabu. Nililifanya juu ya bampa la Bedford nikiwa na miaka kumi na sita, viatu nimevitundika shingoni.

Sasa narudi kwenye kizimba. Katika makadirio yaliyosomwa mkutanoni, mabomba ya kizimba na mikanda ya mabega vilikatwa "ili kupunguza gharama", na injini ikaongezewa fungu. Makadirio hayo yageuzwe. Gari la mwaka 1953 lilikwenda bila kizimba kwa sababu watu hawakujua, sisi tunajua. Gari hili litaendeshwa usiku, na watu waliochoka, katika vumbi la mwenzao, kwenye barabara isiyo na ukingo. Litapinduka siku moja. Mimi nimevuta watu kutoka katika magari yaliyopinduka kati ya Mbwemkuru na Nangurukuru, na bati la paa, ndugu Mweka Hazina, halina nguvu mnayoidhania. Bomba la maji lililochomelewa na fundi wa madirisha nalo si kizimba. Lazima liwe bomba nene lisilo na mshono, liungwe na mtu anayelijua, likaguliwe na watu wa mashindano kabla gari halijaguswa rangi. Kama fedha za kizimba hazipo, kura yangu ni hapana, nami nitaipiga viti vya mbele pamoja na wazee. Zikiwapo, kura yangu ni ndiyo, na mchango wangu nimekwisha uandika kwa Katibu.

Mzee wetu aliyeuliza habari za vitabu namjibu kwa heshima. Mtoto aliyeifungua injini akaifunga na ikawaka, hisabati ya uwiano na fizikia ya joto ameisoma kwa vidole. Vitabu vinunuliwe, tena vingi. Ila nimeajiri vijana wengi wenye vyeti vizuri ambao hawakuwahi kuushika mtambo wa kweli, na mwaka wao wa kwanza kwangu ulikuwa wa kuogopa.

Liko ombi moja la mwisho. Orodha za washindi wa Safari zina majina mawili kila mwaka, la dereva na la mwenza wake. Aliyechomelea bodi usiku kucha, aliyebadili giaboksi kwa nusu saa penye mvua huko Mbulu, aliyebeba jeki mabegani, jina lake halimo. Gari letu likitengenezwa, ndani ya mlango wa kushoto liachwe bati bila rangi, na kila mwanafunzi aliyekaza hata nati moja aandike hapo jina lake na kidato chake kwa msumari, kabla halijatoka getini.